Sura ya 6: Chumvi Isiyoonjwa na Ulimi

Saa za jioni, viwanda vya EPZ, eneo la kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje, vya Athi River vinapofungua malango, wafanyakazi humiminika kurudi Kitengela kwa miguu, kwa bodaboda na kwa matatu. Kando ya barabara ya Namanga, kuanzia stegi hadi Noonkopir, matroli ya soseji ziitwazo smoki yamekwisha kupangwa. Mchuuzi hupasua smoki kwa kisu, huijaza kachumbari, na mteja akitaka huikunja ndani ya chapati ikawa smocha. Mtu aliyekaa mbele ya cherehani tangu asubuhi hupata mlo wa moto kwa dakika mbili na kwa bei anayoimudu. Huwezi kuizungumzia lishe ya mji huu ukaliruka troli.

Ndani ya ile smoki mna chumvi mbili. Ya kwanza ni ya mezani, na ulimi huitambua papo hapo. Ya pili huitwa fosfeti. Kwa kiasi kinachotiwa kiwandani, mlaji haonji kitu: haina ukali, haina harufu, haibadilishi rangi. Mtu anaweza kuila kila siku kwa miaka kumi bila kulisikia jina lake.

Hoja ya sura hii ni moja, na ni afadhali niitamke mapema. Fosfeti zinazoongezwa kwenye chakula si sumu, na mtu mwenye figo nzima hana sababu ya kuishi kwa hofu. Tatizo ni kwamba kiasi chake kimefichwa. Kiasi kinapofichwa, anayeumia kwanza ni yule ambaye figo zake zimeanza kuchoka, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba zimechoka.

Magadi yalitangulia

Kajiado, kaunti ambamo Kitengela imo, haikuanza leo kutia madini chunguni. Upande wa magharibi wa kaunti liko Ziwa Magadi, ambalo maji yake yakikauka huacha tabaka nene la magadi kama sakafu nyeupe. Kampuni ya kuyachimba iliundwa 1911, na reli ya kuyasafirisha ikajengwa kutoka Konza miaka michache baadaye. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilinunuliwa na Tata ya India. Lakini kabla ya kampuni na reli, na hata baada yake, vipande vya magadi vimeuzwa sokoni kwa mafungu, na mpishi wa githeri anajua kazi yake: kipande kidogo hulainisha mahindi makavu na maharagwe yaliyokataa kuiva, na mrenda au kunde zikabaki na kijani chake.

Siri ya magadi ni kwamba hupunguza asidi ndani ya maji ya kupikia. Maji yakiwa hivyo, gundi inayoshikilia seli za mmea huyeyuka haraka, na nafaka hulainika kabla makaa hayajaisha. Katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyoruhusiwa kuongezwa kwenye vyakula, jamii hii ya chumvi ina namba yake, 500. Mama aliyeweka magadi kwenye githeri ametumia kitu chenye namba sawasawa na mwenye kiwanda. Namba haikukifanya kiwe kigeni, wala kutoka ziwani hakukukifanya kiwe salama kwa kila hali. Magadi ghafi hubeba floraidi, na floraidi hiyo huongezeka juu ya ile iliyomo kwenye maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, ambako meno ya kahawia ni jambo la kawaida. Magadi pia huharibu sehemu ya vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe. Na kwa mtu mwenye shinikizo la damu, ni njia nyingine ya kumwongezea sodiamu.

Ndiyo maana kigezo cha asili dhidi ya kemikali hakinitoshi. Maswali yanayofaa ni matatu: kitu hiki kinafanya nini, ni kiasi gani, na kinaingia katika mwili wa nani. Tuyaulize maswali hayo kwa fosfeti.

Nyama yenye joto na nyama iliyopoa

Morani wa Kimaasai walipokwenda olpul, porini walikochinja ng'ombe na kula nyama kwa siku nyingi, waliipika mara tu baada ya kuchinja na kuinywa supu yenye magome ya olkiloriti. Nyama hiyo ilikuwa na tabia ambayo mwenye kiwanda cha soseji angeitamani: ilikuwa bado na joto la mnyama, na nyama yenye joto hushika maji.

Ndani ya kila msuli mna molekuli iitwayo ATP, ambayo ndiyo nishati ya kila kiumbe hai na ambayo imebeba fosfeti tatu zilizoungana. Misuli hukaza kwa nyuzi mbili za protini kushikana, na ATP ndiyo inayoziachanisha tena. Ng'ombe akishachinjwa, ATP iliyobaki huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa, kisha huisha. Nyuzi zikishikana bila kitu cha kuziachanisha, nyama hukakamaa. Wakati huohuo asidi huongezeka: kipimo cha pH hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5, na hapo protini za nyama hubana na kuyasukuma maji nje. Ukisaga nyama ya aina hiyo na kuifanya soseji, maji yatachuruzika kwenye sufuria, mafuta yatajitenga, na soseji itanywea.

Zamani mafundi wa soseji wa Ujerumani waliliepuka tatizo hili kwa kusaga nyama ikiwa bado na joto, kabla haijakakamaa. Mbinu hiyo inahitaji machinjio na mashine ya kusagia viwe karibu karibu. Nyama inayopozwa, kugandishwa na kusafirishwa hadi mji mwingine haiwezi kuingojea. Fosfeti ndiyo iliyoziba pengo. Aina zenye fosfeti mbili au tatu zilizoungana, zinazobeba namba 450 na 451, hufanya katika nyama iliyopoa kazi ambayo ATP iliifanya katika nyama hai. Zikisaidiwa na chumvi ya kawaida, huziachanisha zile nyuzi za protini. Protini moja, miosini, hutoka na kuyeyuka, na ikipashwa moto huwa wavu unaonasa maji na mafuta. Fosfeti pia hupandisha pH kidogo, na hushika chembe za chuma ambazo zingeyafanya mafuta yachache.

Kwa hiyo fosfeti haikuvumbuliwa ili kumdanganya mtu. Bila hiyo smoki ya troli ingekuwa kavu, ya kumegeka, na labda ghali zaidi. Lakini uwezo wa kushika maji una upande wake wa pili. Maji yaliyoshikwa huuzwa kwa bei ya nyama. Samaki waliogandishwa au mapaja ya kuku yaliyochovywa katika maji ya fosfeti huongezeka uzito kwenye mizani, na mnunuzi hugundua pale anapokaanga na kuona sufuria imejaa maji. Mizani haikudanganya, ila mnunuzi hakuambiwa analipia nini.

Zaidi ya smoki

Mtu anaweza kusema hali soseji, basi habari hii haimhusu. Aangalie kabati lake la jikoni.

Mandazi ya haraka, keki na unga wa ngano uliokwisha kuchanganywa na kiumulishi vina beking pauda. Mwaka 1856 profesa wa Harvard, Eben Horsford, alisajili matumizi ya fosfeti ya kalsiamu kama asidi kavu inayokutana na magadi ya kuokea ikatoa hewa ya kuumua unga. Mtindo huo ungali nasi, na fosfeti zake hubeba namba 341 au 450. Kijiko kimoja cha chai cha beking pauda kinaweza kubeba fosforasi zaidi ya miligramu 100, na baadhi ya aina hubeba mara kadhaa ya hiyo. Mahamri ya Pwani yaliyoumuliwa kwa hamira na kuachwa yafure usiku kucha hayaongezewi fosfeti yoyote, kwa kuwa hewa yake imetoka kwa viumbe hai vya hamira.

Jibini ya vipande laini, ile inayoyeyuka juu ya baga bila kutoa mafuta, imewekewa chumvi za kuyeyushia, na mara nyingi chumvi hizo ni fosfeti. Tambi za dakika mbili huwekewa fosfeti ili zisikatike na zipate kuvutika. Unga mweupe wa kutia kahawani badala ya maziwa hutegemea namba 340 ili usigande ndani ya kikombe cha moto. Baadhi ya maziwa ya kukaa muda mrefu bila friji huwekewa namba 339. Soda nyeusi, iliyoanza kutengenezwa nchini Kenya mwaka 1948, hupata ukali wake kutokana na asidi ya fosforasi, namba 338.

Soda hiyo ndiyo inayolaumiwa kuliko vyote, ilhali chupa yake ina fosforasi kidogo kuliko glasi moja ya maziwa. Utafiti wa Framingham wa Marekani, uliochapishwa 2006, uliona kwamba wanawake waliokunywa soda za aina hiyo mara kwa mara walikuwa na mifupa yenye uzito mdogo katika nyonga. Haukuthibitisha kwamba asidi ya fosforasi peke yake ndiyo yenye lawama. Anayeogopa soda akasahau mandazi, tambi, soseji na jibini za siku hiyohiyo amehesabu senti akaacha noti. Fosfeti huja kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi, na jumla yake ndiyo inayofika kwenye damu.

Mfupa, maziwa na figo

Fosforasi yenyewe ni uhai. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 700 za madini haya. Asilimia 85 hivi imo kwenye mifupa na meno, na inayobaki imo kwenye seli, katika ATP ile tuliyoitaja na katika uzi wa urithi unaotutofautisha mmoja na mwingine. Mtu mzima anahitaji miligramu 700 kwa siku, na karibu kila anayekula chakula cha kutosha huzipata.

Kajiado ina historia katika elimu hii. Mwaka 1931 John Boyd Orr wa Aberdeen na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya koloni la Kenya, walichapisha ripoti iliyolinganisha chakula na afya za Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka, mizizi na mboga. Waliwaona Wamaasai kuwa warefu na wazito zaidi, na walishughulika sana na suala la madini. Wanahistoria wameyajadili upya mahitimisho yao, kwa kuwa ukoloni na njaa navyo vilikuwa na mkono wake. Lakini jambo moja liko wazi: chakula cha mfugaji kilikuwa na fosforasi nyingi mno na hakikumdhuru. Orr alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945, na ni shirika hilo, pamoja na Shirika la Afya Duniani, lililounda mwaka 1963 tume ya Codex inayopanga namba ninazozitaja hapa.

Kwa nini basi fosforasi ya maziwa isitie wasiwasi na ya smoki ijadiliwe sura nzima? Jibu liko tumboni. Katika maharagwe, mahindi na dengu, sehemu kubwa ya fosforasi imefungiwa ndani ya molekuli iitwayo faiteti, na utumbo wa binadamu hauna ufunguo wa sanduku hilo, kwa hiyo kiasi kikubwa hupita na kutoka. Fosforasi ya nyama na maziwa imefungwa katika protini. Hufunguliwa polepole, na mwili huchukua kama nusu au zaidi kidogo. Fosfeti ya kiwandani haijafungwa na kitu. Huyeyuka mara moja, na asilimia 80 hadi 100 huingia katika damu. Miligramu 100 za githeri na miligramu 100 za beking pauda si kitu kimoja zinapofika kwenye mshipa. Tena maziwa huja na kalsiamu yake, ambayo hushika sehemu ya fosfeti tumboni, ilhali soseji haina kalsiamu ya maana.

Damu ikipata fosfeti ya ziada, mifupa hutoa homoni iitwayo FGF23 inayoziamuru figo ziimwage kwenye mkojo. Figo nzima hutii na mambo huisha. Figo zilizoharibika nusu pia hujitahidi, lakini homoni lazima ipande zaidi na zaidi ili kazi ileile ifanyike. Kwa miaka mingi kipimo cha fosfeti katika damu kinaweza kuonyesha hali ya kawaida huku homoni ikiwa juu, na homoni hiyo ikidumu juu huunenepesha msuli wa moyo. Figo zikishindwa kabisa, fosfeti hujikusanya. Hukutana na kalsiamu na kujenga chokaa kwenye kuta za mishipa ya damu. Ngozi huwasha usiku kucha. Mifupa hupoteza madini na kuvunjika kirahisi.

Nani mwenye figo hizo? Visababishi viwili vikuu ni kisukari na shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na walio wengi hawakuwa kwenye matibabu. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840 katika sensa ya 2019, kutoka 687,312 mwaka 2009, na Kitengela ni mmoja wa miji iliyomeza sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Mashamba ya ufugaji ya kikundi cha Kitengela yaligawanywa mwaka 1988, sheria ya EPZ ikapitishwa 1990, vyumba vya kupanga vikajengwa palipokuwa na malisho. Pamoja na vyumba vikaja maisha ya kukaa, ya chumvi nyingi, ya kula ukiwa njiani. Katika mji wa namna hii, mtu mwenye figo zilizopungua nguvu asiyejua anaweza kuwa jirani yako kwenye foleni ya troli.

Kwa anayesafishwa damu kwa mashine, hesabu huwa ngumu. Kipindi kimoja cha kusafishwa huondoa takriban gramu moja ya fosforasi au pungufu. Wagonjwa wengi wa Kenya wamezoea vipindi viwili kwa wiki, kwa kuwa ndivyo bima ya taifa ilivyolipia kwa miaka mingi, ilhali katika nchi tajiri kawaida ni vitatu. Mgonjwa akila kwa kiasi, mwili wake huchukua kama miligramu 600 kwa siku, yaani zaidi ya gramu 4 kwa wiki, na mashine imeondoa chini ya gramu 2. Kinachobaki lazima kizuiwe kwa vidonge vinavyonywewa pamoja na chakula, au kwa kuchagua chakula chenyewe. Mgonjwa huyu hawezi kubahatisha.

Kiasi gani ni kingi?

Mwaka 1982 kamati ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka kikomo cha miligramu 70 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kutoka vyanzo vyote. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia upya ushahidi ikapendekeza miligramu 40. Ilisema mambo mengine matatu yanayostahili kusomwa taratibu. Viongezwa huchangia kati ya asilimia 6 na 30 ya fosforasi yote inayoliwa. Watoto wachanga, wadogo na wa umri wa shule wanaweza kukipita kikomo hicho kwa mlo wao wa kawaida. Na kikomo hicho hakiwahusu watu wenye upungufu wa wastani au mkubwa wa kazi za figo.

Tuweke namba kwenye mizani ya Kitengela. Mtu mzima wa kilo 70, kwa kipimo cha Ulaya, anaruhusiwa gramu 2.8 kwa siku. Ni nafasi kubwa. Mtoto wa kilo 16 anaruhusiwa miligramu 640, na mwili wake wenyewe unahitaji 500 ili ukue. Nafasi yake ni miligramu 140 tu. Kikomo cha Ulaya kwa bidhaa za nyama ni gramu 5 za fosfeti kwa kilo, zikihesabiwa kama oksaidi ya fosforasi. Kiwanda kikifika kikomo hicho, smoki moja ya gramu 45 hubeba karibu miligramu 98 za fosforasi ya kuongezwa, mbali na ile ya nyama yenyewe. Smoki mbili baada ya shule zimekwisha kuivuka nafasi ya mtoto huyo. Simaanishi kwamba atadhurika leo jioni. Kikomo cha aina hii huwekwa kwa ajili ya ulaji wa maisha yote, na mtoto huongezeka uzito kila mwaka. Namaanisha kwamba mzazi anayempa mtoto smoki kama zawadi ya Jumamosi yuko sawa, na yule anayemfungia ya kupeleka shuleni kila siku anapaswa kujua hesabu hii.

Tusichanganye madawa

Julai 2019 runinga ya NTV ilionyesha uchunguzi wake kuhusu nyama madukani, na Wakenya wengi hadi leo wakisikia nyama na kemikali ndicho wanachokikumbuka. Kemikali iliyozungumziwa ilikuwa sodiamu metabisulfaiti, namba 223. Hiyo hurudisha na kushikilia wekundu wa nyama, na kwa njia hiyo huweza kuficha nyama iliyoanza kuharibika. Vilevile huweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua. Haina nafasi katika nyama mbichi.

Fosfeti ni jambo jingine. Haifichi uozo, imeruhusiwa, na kiwanda kinachoiweka kwa kiasi hakijavunja sheria. Mwananchi anayeweka vyote kwenye kapu moja la "madawa" hujikuta hana la kufanya isipokuwa kuogopa, na hofu ya jumla haidumu. Baada ya muda watu hurudi kwenye friji zilezile za nyama. Anayetofautisha anajua la kuuliza. Kwa nyama mbichi ataulizia usafi, baridi na siku ya kuchinjwa. Kwa chakula cha pakiti ataulizia kiasi.

Mnunuzi afanye nini leo

Pakiti nyingi za Kenya zimeandikwa Kiingereza, lakini huhitaji kukijua. Tafuta herufi nne, PHOS, popote katika orodha ya viambato. Tafuta pia namba 338 hadi 343 na 450 hadi 452, ziwe na herufi E mbele au zisiwe nayo. Orodha huanza na kilicho kingi na kuishia na kilicho kidogo, kwa hiyo maji yakiwa ya pili baada ya nyama, umejua unalipia nini.

Mwenye figo nzima hana haja ya kuacha. Apunguze vile vinavyorudi kila siku, na nafasi yake aiweke kwenye mayai ya kuchemsha, ndengu, omena, maziwa na mbuzi wa kuchoma wa Kajiado, ambaye hahitaji fosfeti kwa kuwa amechinjwa karibu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aombe kipimo cha figo, cha damu na cha mkojo, walau mara moja kwa mwaka. Aliyekwisha kuambiwa figo zake zimepungua aache kwanza viongezwa kabla hajaogopa maharagwe, kwa kuwa fosfeti ya kiwandani ndiyo inayoingia karibu yote na ndiyo isiyo na lishe inayoambatana nayo. Nyama aikatekate, aichemshe na maji hayo ayamwage, kwani sehemu ya fosfeti hutoka nayo. Haya yote ayafanye akiwa na mtaalamu wa lishe, maana mahitaji hutofautiana.

Elimu hii inafanya kazi. Mwaka 2009 watafiti wa Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 279 wa kusafishwa damu. Nusu yao walifundishwa tu kutambua na kuepuka vyakula vyenye fosfeti ya kuongezwa, dukani na katika mikahawa ya haraka. Baada ya miezi mitatu fosfeti katika damu yao ilikuwa imeshuka zaidi kuliko ya wenzao. Hakuna dawa mpya iliyotumika. Walijifunza kusoma pakiti.

Tudai namba

Hata hivyo msomaji hodari zaidi wa pakiti hukwama mahali pamoja. Kanuni za Afrika Mashariki kuhusu lebo, zinazofuata Codex, humtaka mtengenezaji ataje kiongezwa kwa jina au kwa namba. Hazimtaki aseme ni miligramu ngapi. Sodiamu unaweza kuikuta kwenye jedwali la lishe, sukari na mafuta pia. Fosforasi haimo. Daktari anamwambia mgonjwa asizidishe miligramu 800 au 1,000 kwa siku, na mgonjwa anaingia dukani ambako hakuna pakiti inayomwonyesha hata miligramu moja. Kwenye troli hali ni ngumu zaidi, kwa sababu pakiti ilibaki kwenye friji ya muuzaji wa jumla.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa anayoinunua, na haki ya kulindwa afya yake. Shirika la viwango, KEBS, hutoa rasimu za viwango kwa umma ili zitolewe maoni kabla ya kupitishwa. Hapo ndipo mahali pa kusema, na wenye kusema wapo: vyama vya wagonjwa wa figo, wataalamu wa lishe wa hospitali za kaunti, walimu wanaosimamia vibanda vya shule, na wenye viwanda wanaotumia kiasi kidogo na ambao wangefaidika mnunuzi akiona tofauti. Ombi ni fupi. Jumla ya fosforasi kwa kila gramu 100 iandikwe katika jedwali la lishe, na pembeni yake iandikwe iliyoongezwa kiwandani.

Kiwanda tayari kinaijua namba hiyo, kwa kuwa huipima fosfeti kwa gramu kila kinapochanganya nyama. Kinachotakiwa ni kumwambia anayeila. Mchuuzi wa Noonkopir ataendelea kuuza, mfanyakazi wa EPZ ataendelea kununua, na mgonjwa wa figo atajua, kabla ya kula, kama hii ni siku yake ya smoki moja au ya mayai mawili.